Mwanafunzi wa Samaki na Maji ya Saloni

Mwanafunzi alikuwa ananusa kwanza, kusalimia baadaye. Akifika kwako anasimama mlangoni, pua inatafuta huku na huku, ndipo anakumbuka kupiga hodi. Alifanya hivyo kwangu, akafanya kwa mchungaji wa kanisa lao, akafanya hata kwenye matanga ya jirani, mbele ya wafiwa. Mimi ilinikera kupita kiasi. Naishi kwa samaki, nguo zangu zinanuka samaki, na sikuona kwa nini binti niliyemjua tangu anatambaa aje kuninusa kana kwamba mimi ndiye niliyeoza.

Jina alikuwa nalo. Lakini tangu alipopata nafasi ya kwenda Moroko kusomea viumbe vya baharini, Kalundu nzima, mtaa wetu wa ufukweni hapa Uvira, ilimwita Mwanafunzi, mpaka mama yake mzazi. Watu walicheka. Kusomea samaki, jamani. Sisi wanawake wa ufukweni tunapasua samaki tangu utotoni na hakuna aliyewahi kutupa karatasi yenye muhuri. Nilicheka kuliko wote, na utani niliomtungia watu waliurudia sokoni. Alipokuja likizo yake ya kwanza na mfuko wa chupa tupu, chuo kimemlipia tiketi aje kupima ziwa letu, niliwaambia wenzangu kwamba huko Moroko maji yamekwisha, mtoto ametumwa kuchota ya kwetu. Nina mdomo, sikatai. Nikisema kitu ufukweni kinakaa.

Nitayasema mazuri yake kwanza, maana kinyaa nilicho nacho juu yake ni kikubwa, nikikianza hakitaacha nafasi.

Hakuwa mvivu, na hakuchagua kazi. Matumbo ya wale samaki wakubwa, sangala, yaliyolala juani siku mbili, yenye funza, aliyatia mkono mtupu mpaka kwenye kifundo, akachomoa kitu chekundu chembamba, akaniletea karibu na uso. "Mama, angalia iyi minyoo. Iko nzuri sana." Nilirudi nyuma hatua tatu. Na mtu huyohuyo, ukimpa chai, anakuomba kikombe akisuuze mwenyewe kwa maji ya moto.

Chini ya kitanda cha mama yake, kule mtaa wa Rugenge walikohamia, alipanga chupa za mayoneze zenye samaki wadogo ndani ya dawa kali inayochoma macho. Mama yake alilala juu ya maiti zile miezi mitatu akisema mtoto anasoma. Siku moja nilikwenda kuwasalimu, kandambili yangu ikateleza chini ya kitanda, nikainama, nikakutana na macho yaliyovimba nyuma ya kioo. Sikula kitu mpaka kesho yake.

Kwenye arusi ya mwanangu alikaa meza ya mbele, kwa heshima ya masomo yake. Wageni wanakula, yeye amekipasua kichwa cha sangala kwa kijiko, anatafuta ndani. Akatoa kijiwe cheupe kidogo kama punje ya mahindi, akakiinua kwenye mwanga, akaanza kuhesabu duara zake. "Huyu alikuwa na myaka mine," akamwambia baba wa bibi arusi. "Na mwaka moja aliona njaa." Mzee wa watu aliweka tonge chini. Mwanafunzi akakifunga kijiwe kwenye kitambaa cha meza, kitambaa changu, akaondoka nacho.

Ziwa lenyewe hakuliweza. Mtumbwi ukitikisika kidogo anatapika pembeni, wavuvi wamemshika mkanda. Nilimuuliza, sasa huko baharini unafanyaje? Akasema, "Bahari iko inanibeba, mama. Ni chumvi. Ziwa iko inanivuta chini." Sijui kama ni kweli, bahari sijaiona.

Neno lake lilikuwa moja: inategemea. Ukimuuliza kama mvua itanyesha, inategemea. Ukimuuliza kama yule kijana anayempigia simu kila siku atamwoa, inategemea. Mama yake alimuuliza mbele yangu kama kule ugenini bado anasali, na nilipoona ameinua macho juu kufikiri nilijua kinachokuja. Mama yake alimtupia mwiko kabla hajafungua mdomo.

Kuna jambo moja alinipa ambalo mpaka leo nalipenda, hata kama mtoaji simpendi. Aliniambia kwamba ndagala, dagaa wa ziwa letu, si mwenyeji wa hapa. Ukoo wake ni samaki wa baharini, zamani za zamani wakafika huku, wakazoea maji matamu, wakasahau chumvi. Alikwenda kusomea bahari, alisema, ili awaone ndugu zao waliobaki kule. "Ndagala iko kama nyinyi, mama." Alikuwa anatutania sisi Waislamu wa Uvira, ambao wazee wetu walikuja na biashara ya ziwa, wakashuka, hawakurudi tena. Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Wateja wangu wa Kamanyola niliwasimulia hadithi hiyo wakati nawapimia, na walinunua zaidi.

Lakini ndagala zangu hakula. Alipokuja likizo ya kwanza, wiki mbili za mwanzo alikula vizuri, ugali na ndagala na pilipili, analamba vidole kama zamani. Kisha akaacha ghafla. Nikimwandalia, anavuta ugali, anakula na mboga ya lengalenga, ndagala anawasukuma pembeni mwa sahani.

"Minye nimeshakula, mama."

"Umekula wapi?"

"Nyumbani."

Mama yake ameketi palepale, anatikisa kichwa kuniambia hapana, hakula. Niliona ni kiburi. Niliona mtoto amekwenda kukaa na watu wa ng'ambo miaka miwili, sasa chakula kilichomlea kinamtia kichefuchefu. Niliwasimulia wenzangu hayo pia, na yeye akipita walimwonyesha vichwa vya ndagala na kumwuliza kama anawajua kwa majina. Alikuwa anatabasamu na kupita.

Hapa lazima nieleze Saloni ni kitu gani.

Miaka ile ziwa lilipopanda, lilimeza nyumba za mstari wa mbele, na mojawapo ilikuwa ya wazazi wa Mwanafunzi. Kuta zilianguka, mabati yakaokotwa, ikabaki sakafu ya sebule, ambayo kwetu tunaiita saloni, chini ya maji yanayofika magotini, saruji laini iliyopakwa rangi nyekundu. Mimi ndiye niliyegundua kwamba ukiwasuuza ndagala juu ya sakafu ile hawapati mchanga. Mchanga ndio adui wa biashara yetu. Mteja akitafuna, akasikia kitu kinasagika kwenye meno, harudi tena. Wenzangu walisuuza ufukweni, mimi nikasuuza Saloni na kuanika juu ya wavu, na magunia yangu yakapata jina mpaka Bukavu: ndagala za Mama Zaina hazina mchanga. Hilo ndilo jina langu. Sina nyumba ya ghorofa wala mume, nina jina hilo. Wanawake walipaheshimu pale mahali, hakuna aliyeingia bila kuniomba.

Maji ya Saloni yalikuwa maangavu, unaona kucha zako za miguu. Adhuhuri ikiingia nilikuwa natawadha palepale. Nasukutua mdomo mara tatu, napandisha maji puani, naosha uso, nasali pembeni juu ya jiwe. Nilihisi ni neema.

Kila nyumba ina choo nyuma. Nilijua hivyo kama kila mtu anavyojua, tena choo cha nyumba ile nilikuwa nimekitumia siku za zamani nikienda kumtembelea mama yake. Ila maji yakishafunika kitu ni kama hakipo, na akili yangu ilikuwa kwenye mchanga.

Mwanzoni mwa likizo yake ya pili, mkamwana wangu, yule wa ile arusi, ambaye tulikuwa tunaosha naye ndagala, alishikwa na kipindupindu. Kwetu Uvira ugonjwa huo unakuja na kuondoka, watu hawaulizi tena umetoka wapi. Tulimkimbiza kituoni asubuhi, macho yameingia ndani, ngozi ya vidole imekunjamana. Mwanafunzi alifika kabla ya ndugu zetu wenyewe. Alikaa siku tatu. Vitanda vya pale vina tundu katikati na ndoo chini yake, na mimi, mama mkwe, nilikuwa nageuza uso. Yeye alibeba ndoo, akamwaga, akaosha kwa klorini, akarudi kushika kikombe cha maji ya chumvi na sukari, kijiko baada ya kijiko. Siku ya pili mgonjwa alipoweza kusema, nilimsikia Mwanafunzi akimuuliza kwa sauti ya chini.

"Dada, mayi ya kunywa ulitoa wapi?"

"Ya robine, ya bomba."

"Na kule Saloni, haukukunywa?"

"Minye nilisukutua tu mudomo."

Mwanafunzi akatoa daftari mfukoni, akaandika, akalirudisha. Nilidhani ni mambo ya shule. Mkamwana wangu alipona. Siku ya kutoka, mbele ya wagonjwa wote, niliinua mikono nikamwombea yule binti dua ndefu, Mungu ampe maisha na elimu yenye faida. Aliinamisha kichwa akaitikia amina. Nikikumbuka amina ile ngozi inanisisimka.

Likizo iliisha, akarudi Moroko, na baada ya miezi akasimama mbele ya maprofesa kutetea kazi yake ya mwisho. Mama yake alitumiwa video. Tulijaa sebuleni kwake Rugenge Jumapili baada ya ibada yao, soda zikafunguliwa, simu ikaegemezwa kwenye chupa ya chai. Mwanafunzi alikuwa amevaa koti jeusi, anasema Kifaransa cha mbio. Hakuna aliyefuatilia, ila kila ilipotokea picha ya ziwa watu walipiga makofi. Mle chumbani ni mimi peke yangu niliyefika mwaka wa nne wa sekondari. Kifaransa changu kina kutu, lakini kipo.

Ikatokea picha ya Saloni. Sakafu nyekundu chini ya maji, beseni langu la bluu, kitenge changu kinaning'inia kwenye mti. Makofi yakazidi. Mama yake akanifinya paja.

"Ona, na weye uko Moroko."

Juu ya picha iliandikwa Sehemu Namba Nne. Chini yake kulikuwa na maneno mawili ya Kifaransa ambayo hata mtoto wa shule anayajua, maana yake mavi ya watu. Na Mwanafunzi akaeleza, kwa sauti nzuri isiyotikisika, kwamba choo cha nyumba iliyozama kiko hatua chache nyuma ya sakafu hiyo, na kwamba Sehemu Namba Nne ilizidi nyingine zote kwa uchafu, mwaka wa kwanza na mwaka wa pili.

Alisema mwaka wa kwanza. Nililirudia neno hilo kichwani huku wenzangu wanashangilia. Kwa hiyo tangu zile wiki mbili alijua. Aliacha kula ndagala zangu na hakusema. Aliniacha niuze Kamanyola na Bukavu, hakusema. Alibeba ndoo ya mkamwana wangu, akaandika kwenye daftari, hakusema. Aliniona nikitia maji yale mdomoni mara tatu huku nikitaja jina la Mungu, naye amesimama hatua mbili kutoka kwangu, anajaza chupa yake.

Nilitoka nje nikatapika uani kwa mama yake. Walisema ni soda.

Sheria naijua. Maji mengi hayanajisiki mpaka yabadilike rangi, harufu au ladha, tulifundishwa hivyo madrasani, na shehe angenituliza kwa dakika mbili. Sikwenda kwa shehe. Nilisugua ulimi kwa chumvi mpaka ukatoa damu. Na ndipo nikaelewa zile sabuni. Tangu alipoacha kula ndagala zangu alikuwa ananiletea sabuni, miche mizima, mimi nikafikiri ananiambia nanuka, nikafulia mashuka. Kumbe ulikuwa ndio ujumbe wake. Mtu anajua Kifaransa cha maprofesa na Kiarabu cha Moroko na Kiswahili cha mama yake, akachagua kuniambia kwa sabuni. Nimeona vitu vingi vya kuchukiza ufukweni, na mimi si mwepesi wa kuchukizwa, lakini lile lilinishinda.

Kesho yake nilihama Saloni. Nikaenda kusuuza mchangani upande wa bandari kama wengine, nikisema goti langu haliwezi tena maji marefu.

Mwaka huu alirudi na diploma yake, miezi saba baada ya video ile. Ilikuwa saa nne za asubuhi, nageuza ndagala kwenye wavu, nikasikia mtu nyuma yangu.

"Jambo, mama."

Niligeuza wavu mzima mpaka mwisho, ndipo nikamtazama. Alikuwa amekonda.

"Juu ya nini haukuniambia?"

Hakuuliza nini. Aliketi juu ya gunia tupu.

"Mwaka wa kwanza nilisikia haya, nilisikia aibu. Ile choo iko yetu. Nilisema, watu watatucheka, baba atasikia vibaya."

"Na mwaka wa pili?"

"Mwaka wa pili maprofesa walikuwa wanaomba nipime tena fasi ileile, watu walewale, bila kitu kubadilika. Kama ningekuambia, ungehama. Kazi yangu ingekufa."

"Mkamwana wangu angekufa."

"Najua, mama. Njo maana nilibeba ndoo."

Nilimwambia yote basi. Nilimwambia kwamba funza wa sangala ni wasafi kuliko yeye, kwamba kila nikifungua mdomo kusali nasikia ladha yake. Nilimwambia kwamba dua niliyomwombea naitaka irudi. Hakujitetea. Alikuwa analia, lakini hakuinuka kuondoka, na mimi nilitaka aondoke. Nilipochoka, akauliza jambo moja, kwa upole uleule wa kule kituoni.

"Mama, sasa pale Saloni anaosha nani?"

Tulikuwa tunapaona kutoka pale tulipo. Anaosha mwanamke aliyeshuka kutoka milimani na watoto wanne, wakati bunduki ziliposikika huko juu. Siku niliyohama alinijia kwa adabu, akaniuliza, "Mama, fasi yako iko bure?" Nikamwambia mahali pako wazi, mimi goti linanisumbua. Alinishukuru kwa mikono miwili. Kalundu ilisema Mama Zaina ana moyo, amempa mgeni mahali bora kuliko pote, na mimi niliacha waseme.

"Nimemwambia tangu juzi," Mwanafunzi alisema. "Anacheka. Na wale wengine wanacheka. Wanasema, Mama Zaina aliosha pale myaka, uliona nani alikufa? Minye hawanisikii. Weye watakusikia."

"Nikimwambia, ataniuliza nilijua lini."

"Ndiyo, mama."

"Na ndagala zangu hakuna atakayenunua tena."

"Inawezekana."

Bado namchukia, nasema wazi, na sidhani kama nitaacha. Lakini yeye alinyamaza kwa sababu ya kazi yake na mimi nilinyamaza kwa sababu ya jina la magunia yangu, na watoto wanne wa watu walikuwa wanaoga pale miezi yangu yote saba. Kinyaa kilinipanda palepale, na safari hii hakikuwa juu yake.

Niliacha ndagala juani nikateremka, yeye akinifuata kwa mbali. Yule mwanamke aliponiona alijipangusa mikono, akasogeza beseni lake upande, akamwinua binti yake mdogo aliyekuwa ameketi majini, ili mimi nipate nafasi.

"Karibu, mama. Umerudi mu fasi yako?"

Wanawake wa ufukweni waliinua vichwa. Nilimwambia atoe ndagala zake, atoe na mtoto, na wasiingie hapo tena. Akaniuliza kwa nini. Nikamwambia pale nyuma kuna choo, nikamwonyesha kwa kidole mahali hasa kilipo. Alitazama yale maji maangavu, akamtazama mtoto, akanitazama mimi.

"Mama, weye ulijua tangu lini?"

"Tangu siku niliyokuachia," nikasema, na nikasema kwa sauti, wote wasikie.